Risala ya Wahitimu wa Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi, Tukuyu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya ya Rungwe,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Umeacha kazi nyingi mezani ukaja kwetu, na mvua ya Tukuyu haikukuonea huruma njiani. Ndaga fijo, asante sana.

Mheshimiwa, habari za mabweni na maji waliotutangulia wamekwishazisoma hapa, na wewe unazijua. Leo tunaomba utusikilize juu ya karatasi moja tu, dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Lina maswali 9. Mgonjwa anajaza mwenyewe ni mara ngapi, katika wiki 2 zilizopita, amekosa raha, usingizi, nguvu, hamu ya kula na mengineyo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Akifikisha 10, tumefundishwa tusimwache aende hivi hivi. Darasani tulilipenda, maana halichukui hata dakika kumi.

Wodini likatutoa jasho. Baba mmoja mwenye kifua kikuu alipata 11, lakini 9 kati ya hizo zilitoka kwenye uchovu, usingizi na chakula. Kifua kikuu chenyewe ndiyo kazi yake hiyo! Hata hivyo tusingeweza kumwambia ni kifua tu, kwa sababu mwenye sonona huacha dawa njiani. Ilibidi tukae naye, tuulize upya taratibu.

Kwa mama mwenye kichanga ni hivyo hivyo, nani analala? Ndiyo maana lipo dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, maswali 10. Halihesabu uchovu wala hamu ya kula, na likigusa usingizi linauliza kama ni huzuni inayomnyima. Wazee nao wana la kwao, la kujibu ndiyo au hapana. Bibi mmoja tuliyemsomea la PHQ-9 alitucheka: "Nimechoka mara ngapi? Mjukuu wangu, napalilia viazi, kuna siku sijachoka?"

Lakini kilichotufanya tuandike risala hii ni mama mmoja kijana. Alijazia kwenye benchi la korido, mama mkwe wake pembeni akiichungulia karatasi. Akaweka 0 kote. Mama mkwe alipoitwa dirisha la dawa, yule binti akanyoosha mkono: "Dada, nirudishie kidogo." Akafuta jibu moja tu, la swali la 9, linalouliza ni mara ngapi umeona heri ufe au ujidhuru. Akaandika 1.

Tulimwita muuguzi msimamizi, akakaa naye mpaka jioni. Chumba hakikuwepo, walikaa stoo, kati ya maboksi ya glovu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Kila kituo kinachotumia dodoso hili kitenge chumba chenye mlango unaofungwa, hata kidogo. Na ukutani pabandikwe jina na simu ya mtu wa kuitwa siku hiyo hiyo swali la 9 likijibiwa kwa namba yoyote isiyo 0, jumla iwe kubwa au ndogo.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu, Stashahada ya Uuguzi na Ukunga