Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: kwanini hatukuanza na barabara mbovu kuliko zote

Ndugu wanachama tunaochangia matengenezo ya barabara zetu, salamu kwenu wote.

Najua wengi mnaosoma taarifa hii mnatafuta jibu la swali moja tu, kwanini ile barabara ya upande wa chini iliyokufa kabisa haijafumuliwa mwaka huu wakati kamati imepeleka mafundi kwenye barabara ambazo kwa macho hazina shida. Nimepigiwa simu, nimesimamishwa njiani, na mwanachama mmoja kasema kwenye kikao kwamba tunamtibu mzima tunamwacha mgonjwa. Basi nianze na hilo.

Lami haizeeki kwa mwendo mmoja. Kuna kipimo cha kuipa barabara maksi kuanzia 0 mpaka 100, wahandisi wa jeshi la Marekani ndio walikitengeneza miaka ya 1970, unapita unaangalia nyufa, mashimo, mabonde ya matairi, kila ubovu unapunguza maksi, 100 ni barabara mpya na 0 imekwisha. Waliofuatilia barabara nyingi kwa njia hii wameona kitu kimoja, kwamba lami inashuka polepole miaka mingi, unaiona bado nzima, alafu ikifika mahali inaanza kuporomoka na ndani ya miaka michache inapoteza karibu maksi zile zile ilizochukua sehemu kubwa ya maisha yake kuzipoteza. Kabla ya kuporomoka unaziba nyufa, unamwaga lami nyepesi na kokoto juu, kazi imeisha. Ukichelewa unachimba mpaka msingi na bili inakuja mara kadhaa ya ile ya kwanza.

Sasa ile barabara ya upande wa chini imeshaporomoka, zile nyufa zinazofanana na magamba ya mamba zinamaanisha msingi umechoka, hata ukiweka tabaka jipya juu nyufa zitarudi tu. Kuifumua mwaka huu au mwaka kesho gharama haitofautiani sana, lakini zile zenye hali ya wastani, ambazo bado zinaokoleka, kila msimu wa mvua unazisogeza karibu na kuporomoka huko huko. Ndio maana hela yetu kidogo ilienda huko. Najua inauma kwa anayepita kwenye vumbi na matope kila siku na simlaumu akikasirika, ila tungeifumua ile moja mfuko ungeisha na baadae tungekuwa na mbovu nyingi badala ya moja. Pale chini tulifukia mashimo ya hatari tu ili watu wasianguke.

Mitaro ndio kazi ninayojivunia zaidi japo hamna anayeipiga picha. Adui wa lami ni maji, yakisimama pembeni yanapenya chini, msingi unalainika, gari likipita lami inabonyea na kupasuka. Tumezibua mitaro na makalvati, tumekwangua mabega ya barabara, yaani kingo za udongo pembeni ya lami, yaliyokuwa yamepanda juu ya lami na kuzuia maji kutoka. Kazi ya majembe na mikono, bei rahisi kuliko zote. Na tafadhali tena tafadhali, takataka na kifusi cha ujenzi sio vya kwenye mtaro, kuna sehemu tulizibua na baada ya wiki kadhaa zikawa zimejaa tena.

Kuhusu viraka, fundi mmoja tulimkuta anamwaga lami kwenye shimo lenye maji, anaipiga kwa koleo, anaondoka. Kazi ile tuliikataa na hakulipwa mpaka aliporudia. Kiraka kinachodumu unakata kingo ziwe wima mpaka ufikie lami nzima, unatoa uchafu wote, shimo linakauka, unapaka lami ya kugandishia chini na kwenye kingo, unajaza kwa matabaka, kila tabaka linashindiliwa. Mkiona mtu anaruka hatua yoyote hapo mpigieni simu mjumbe wa kamati muda huo huo, sio jioni.

Malori nayo. Jaribio kubwa la barabara lililofanyika jimbo la Illinois, Marekani, 1958 mpaka 1960, ndio lilileta ile hesabu kwamba ekseli, ule mhimili unaoshika matairi, ikibeba uzito mara mbili uharibifu hauwi mara mbili, unakuwa kama mara 16. Gari dogo kwenye hesabu hiyo halionekani kabisa. Kwahiyo tripu moja ya lori lililozidishiwa mzigo inakula michango ya watu wengi na kamati inaomba ruhusa yenu tuwabane wanaoleta vifaa vya ujenzi, walete kwa magari madogo au wachangie ukarabati.

Mwaka ujao mpangilio utabaki huo huo, mitaro kwanza, kisha nyufa, kisha lami nyepesi kwa zile zenye hali ya wastani. Kwa barabara ya chini kuna njia mbili tunazowaletea mpige kura. Ya kwanza tutenge sehemu ya michango kila mwaka mpaka itoshe kuijenga upya. Ya pili tuondoe mabaki ya lami, tuishindilie kwa changarawe, tuichonge vizuri maji yatiririke, tuitunze hivyo mpaka hela ipatikane. Mimi naunga mkono njia ya pili, changarawe iliyochongwa vizuri inapitika kuliko lami yenye mashimo na kuitengeneza ni rahisi, japo vumbi litakuwepo na itabidi kuichonga mara kwa mara. Wasioafiki waje na hesabu zao mkutanoni tuzipige wote.

Mapato na matumizi yapo kwenye taarifa ya mhazini, na ambao hawajamalizia michango yao wamuone yeye kabla ya mkutano.