Ukoo unanichangia nibaki Uingereza, mimi nataka kurudi Tanga

Shikamoo Anti,

Nakuandikia kutoka Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales, nilikokuja kusoma shahada ya uzamili ya mambo ya mifugo na malisho. Nina miaka 31. Nyumbani mimi ni afisa mifugo wa kata mkoani Tanga, na nina mtoto wa kiume wa miaka mitano niliyemwacha kwa mama yangu. Baba yake yupo, lakini si wa kutegemea, kwa hiyo tumwache. Tasnifu naikabidhi mwezi ujao, Septemba 2025, na viza yangu inaisha Januari. Hapo katikati ndipo ninapotakiwa kutoa jawabu, nami sijui nilitoeje.

Nikueleze kwanza nilivyofika huku. Ada nilipunguziwa na chuo. Iliyobaki pamoja na hela ya kujikimu ilitokana na mchango. Tulifungua grupu la WhatsApp, baba mdogo akawa mwenyekiti, shangazi akawa mweka hazina, watu wakaahidi na wakatoa kama wanavyotoa kwenye harusi. Sharti la viza ni kwamba hela ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka. Ilipoonekana haitoshi, baba mdogo aliuza kiwanja chake cha Pongwe. Siku hizo zote alinipigia kila baada ya magharibi, akisalimia haraka haraka kisha anauliza kama hela bado ipo. Simsemi vibaya. Kiwanja kile alikiweka kwa ajili ya uzee wake.

Sasa Anti, harusi ikiisha kamati huvunjwa, watu wakala pilau lao wakatawanyika. Grupu letu halikuvunjwa. Lilibadilishwa jina tu: lilikuwa la mchango wa safari, sasa ni la maendeleo ya ukoo. Nikiamka asubuhi, na nyie huko mmetutangulia saa mbili, nakuta paa la bibi linavuja, mtoto wa fulani ana ada ya VETA, bodaboda ya fulani imekufa injini. Hakuna anayeniomba moja kwa moja. Wanaweka picha, halafu wanakaa kimya wakisubiri alama mbili za buluu.

Wao wanachojua ni kwamba niko Ulaya. Sijawahi kufanikiwa kuwaeleza huu ni mji wa namna gani. Treni kutoka Birmingham inachukua kama saa tatu, na ukianza milima ya Wales reli inakuwa ya njia moja, treni zinasubiriana stesheni. Ukishuka hapa ndiyo mwisho wa reli, mbele ni bahari. Ajira zilizopo ni za hoteli wageni wanapokuja kiangazi, za madukani, na za kulea wazee. Mimi nafanya kwenye nyumba ya wazee. Viza inaniruhusu saa 20 kwa wiki, basi, na sisi wa uzamili hata miezi hii ya kuandika tasnifu inahesabiwa ni muhula, kwa hiyo hakuna cha kusema likizo nifanye kutwa nzima. Kima cha chini cha mshahara mwaka huu wa 2025 ni pauni 12.21 kwa saa. Piga mwenyewe: ni pauni 244 kwa wiki, na karibu nusu ni kodi ya chumba. Niliwahi kuiweka hesabu hii kwenye grupu, nikidhani nimejieleza. Mtu akazidisha kwa shilingi akajibu, "Kumbe zaidi ya laki nane kwa wiki!" Kodi hakuizidisha.

Kuna binti wa shangazi yangu yuko Birmingham miaka mingi na ana karatasi zake. Tangu muhula wa kwanza ananiambia nihamie kwake, niwe napanda treni siku za vipindi tu, kisha usiku nifanye kazi ghalani ya kulipwa mkononi. Nilimkatalia. Chuo kinafuatilia mahudhurio na kinatakiwa kutoa taarifa serikalini mwanafunzi akipotea, na kuzidisha zile saa 20 ni kuvunja viza. Akanuna, akaandika kwenye grupu kwamba mimi nimeridhika na upepo wa bahari. Lakini nikienda kwake kuchukua nyama ya halali na unga wa sembe, namkuta anatoka zamu ya usiku, macho mekundu, anajitupa kwenye kochi na viatu vyake. Picha anazowatumia nyumbani ni za siku ya Idd.

Ila hilo la upepo wa bahari, Anti, hajakosea sana.

Mwanzoni nilikuwa mpweke kiasi cha kuongea na birika. Desemba saa kumi na moja jioni ni giza totoro. Dhoruba ikija, mawimbi yanaruka ukuta wa ufukweni na kumwaga kokoto barabarani, asubuhi inabidi zizolewe. Mimi ni mtoto wa pwani, nilijua bahari ya kupwa na kujaa, ya kwenda kuoga Raskazone Jumapili. Hii ya hapa ukiingiza mguu unauma mpaka mfupani, na bado kuna mabibi wa miaka sabini wanaogelea humo Januari wakipiga soga.

Kilichonizoesha ni vitu vidogo. Ufukweni kuna njia ndefu ya kutembea, inaishia chini ya kilima kinachoitwa Constitution Hill, na kila anayefika mwisho anapiga teke chuma cha uzio ndipo ageuke. Wanafunzi, wazee, watu na mbwa wao, wote. Hakuna aliyeweza kuniambia kwa uhakika ilianzaje. Nami napiga. Kuanzia majira ya majani kupukutika, jua likizama, kwezi wanakuja kwa maelfu, wanazunguka angani juu ya gati kama moshi unaojikunja, kisha wanatumbukia chini ya mbao kulala, na kelele zao unazisikia chini ya miguu yako. Kwenye basi kila anayeshuka anamshukuru dereva. Mwenye duka la mboga ananiwekea bamia zikipatikana, ambazo ni mara chache na bei yake ni ya kulia.

Na kazini kuna bibi mmoja aliyekuwa mke wa mkulima, kumbukumbu zimemtoka. Nikimpelekea chai ya alasiri ananishika mkono na kuniuliza kwa Kiwelisi kama ng'ombe wamekamuliwa. Wenzangu walinifundisha jibu. Namwambia wamekamuliwa wote, ananiuliza hata yule mwekundu mkorofi? Hata yule. Hapo ndipo anakunywa. Mimi nimeshakaa na wafugaji miaka saba, Anti, na nakuambia swali la yule bibi ndilo lile lile ninaloulizwa Muheza.

Masomo yenyewe yamenifungua macho. Hapa utafiti wa nyasi umeanza tangu 1919, na ndipo zilipozalishwa nyasi zenye sukari nyingi ambazo ng'ombe akila, protini ya majani inamfaa zaidi badala ya kuishia kwenye mkojo. Nyasi hizo hazitatufaa Tanga, joto litaziua. Lakini namna ya kuchagua mbegu, kupima ukuaji, kujua siku ya kukata kabla majani hayajawa miti, hiyo inabebeka. Wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa kila Januari hadi Machi, kabla ya masika, wanahangaika na matete yaliyokauka, maziwa yanashuka, wengine wanauza ng'ombe. Nina mpango wa kupanda vishamba vya majaribio vya aina kadhaa za matete na kuwafundisha vikundi kutengeneza saileji, yaani majani mabichi yaliyofungiwa bila hewa ili yakae bila kuoza, kwenye mifuko wakati majani yapo tele. Nilimweleza baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Yaani tumeuza kiwanja ukasomee majani?"

Sasa ndiyo tatizo lenyewe. Binamu yangu amewaambia kuna viza ya wahitimu, inayomruhusu aliyemaliza kubaki miaka miwili akifanya kazi yoyote bila kikomo cha saa. Ni kweli ipo. Ada yake mwaka huu ni pauni 880, na ya huduma za afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, jumla pauni 2,950, karibu shilingi milioni 10. Nilidhani nikiitaja hela hiyo watanyamaza. Wiki iliyofuata shangazi akaweka kwenye grupu orodha mpya ya ahadi. Wameanza kuchanga, Anti, bila kuniuliza kama nataka. Bibi mwenye paa linalovuja ameandikwa elfu hamsini.

Mwingine akadakia kwamba nikimaliza hiyo miaka miwili nitawavuta wadogo zangu kwa viza za kulea wazee. Nikamjibu kwamba maombi mapya kutoka nje yamefungwa tangu Julai mwaka huu. Hakuna aliyenijibu. Labda wanadhani naziba njia.

Wanachosema kina mantiki yake, sikatai. Mshahara wangu wa afisa mifugo haufanani hata kidogo na wa Birmingham. Nikifanya kazi mbili kama binamu yangu, kiwanja cha Pongwe kinarudi, pengine na paa la bibi.

Lakini ruhusa yangu ya masomo inaisha. Nisiporipoti kazini nitahesabiwa mtoro, na ajira ya serikali ukishaiacha si jambo la kuipata tena kirahisi. Kubwa zaidi ni mtoto. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa aina yangu haturuhusiwi kuja na watoto, na hiyo viza ya wahitimu haiwezi kumleta asiyekuja nami tangu mwanzo. Nilimwambia naenda mwaka mmoja. Nikiongeza miwili atakuwa mtoto wa darasa la pili nisiyemjua. Juzi kwenye simu ya video alinionyesha jino lililong'oka, kisha akamgeukia mama yangu akamwita mama. Mama akajifanya hajasikia.

Na mama ndiye anayenichanganya zaidi. Mbele ya watu anasema "mtakavyoamua wenyewe". Usiku akaninong'oneza kwenye simu, "Rudi mwanangu, ila usiseme ni mimi niliyekwambia." Anaishi nyumba moja na shangazi mweka hazina, namwelewa. Kwa hiyo hata sababu ya kwamba mama amechoka kulea siwezi kuitumia kikaoni.

Kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu. Birmingham sitaki, lakini hapa Aberystwyth ningeweza kukaa. Nyumbani ni mama fulani, binti wa fulani, afisa mifugo anayepigiwa simu saa tisa usiku ng'ombe akishindwa kuzaa. Hapa natoka maktaba nakwenda zangu kupiga teke chuma, na hakuna anayehitaji kitu. Nimeonja utulivu huo kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na kuna jioni najiuliza kama hamu ya kurudi ni yangu au ni ya mama na mtoto. Nikipima najua narudi. Ila sitaki nidanganye kwamba narudi huku nacheka.

Chuo hiki chenyewe, nilisoma kitabuni, kilifunguliwa 1872 kwenye hoteli ya ufukweni ambayo mwenyewe alifilisika kabla haijakamilika, na watu wa kawaida wa Wales, wakulima na wachimba migodi, wakawa wanakichangia vijisenti makanisani. Nilicheka peke yangu maktaba. Nikawaza, je, nao waliwadai wahitimu marejesho?

Ninayotaka unisaidie ni haya. Kwanza, niwazuieje wasiendelee kuchanga bila kumwaibisha shangazi, ambaye ameshapokea hela za watu? Nimeandika ujumbe nikaufuta, kila nikiusoma unaonekana wa mtu asiye na shukrani. Pili, baba mdogo. Nimefikiria nimpigie yeye peke yake kabla ya kikao, nimwambie narudi, na nimwahidi kumlipa kiwanja chake kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, kwa maandishi, mbele ya shahidi. Rafiki yangu mmoja anasema nikifanya hivyo nimeugeuza mchango kuwa mkopo, na kesho kila aliyetoa elfu kumi atakuja na daftari lake. Mwingine anasema mzee aliyeuza ardhi hawezi kuwekwa fungu moja na waliotoa nauli. Wewe waonaje? Tatu, nimtaje mtoto au nisimtaje? Naogopa nikimtaja watasema mama ameshindwa kumlea, na lawama zote zimwangukie yeye.

Tafadhali usinijibu kwamba nifuate moyo wangu. Moyo wangu una pande mbili na zote zinapiga kelele.

Kikao cha simu kimepangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya adhuhuri ya huko. Nimeambiwa niandae maelezo mafupi kuhusu hatua za kuomba hiyo viza. Ukiweza kunijibu kabla ya hapo nitashukuru mno.

Wako,
Afisa wa Majani, Aberystwyth