Ng'ombe aliyeanguka hainuliwi na sindano peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu kuhusu wauguzi wa wanyama. Bila shaka unaikumbuka. Mwandishi wenu aliwakejeli watafiti wa ng'ambo wanaochunguza namna ya kumhudumia paka aliyepasuliwa, akauliza kama sasa tutawatandikia mbuzi mashuka, na akamalizia kwa kuiita kazi hiyo anasa ya watu walioshiba. Mimi ni muuguzi mstaafu, niliyehudumia binadamu wodini, na sasa nafuga ng'ombe wachache wa maziwa hapa Pongwe. Sikuona cha kunichekesha.

Uingereza ilianza mpango rasmi wa kuwafunza wauguzi wa wanyama tangu mwaka 1961, na si kwa ajili ya mapambo. Chuo Kikuu cha Glasgow kimetengeneza kipimo cha maumivu ya mbwa ambacho muuguzi hukijaza kwa kumtazama na kumgusa mnyama: je, mnyama analia, anakilamba kidonda, anasimamaje, anafanya nini akiguswa karibu na mshono? Kila jibu lina alama, na jumla yake ndiyo inayoonyesha kama anahitaji kuongezewa dawa ya maumivu. Sisi wodini tulifanya vivyo hivyo kwa mtoto mchanga, ambaye naye hana maneno ya kusema panapomuuma, wala hakuna gazeti lililotucheka.

Mwaka juzi ng'ombe wangu, chotara wa Friesian aliyekuwa ametoka kuzaa, alikutwa asubuhi hawezi kusimama, masikio ya baridi, shingo ameikunja ubavuni. Wafugaji wa maziwa wa Tanga tunaijua hiyo homa ya maziwa: kalsiamu hukimbilia kwenye maziwa upesi kuliko mwili unavyoweza kuirudisha kwenye damu, na misuli hulegea. Bwana mifugo aliitwa, akaja, akampitishia kalsiamu mshipani polepole kama inavyotakiwa, maana ikienda kwa kasi huweza kusimamisha moyo. Hapo sina lawama. Kisha akanawa mikono, akapokea fedha yake, akasema atainuka mwenyewe. Nilimuuliza kama hatupaswi kumgeuza na kumtoa kwenye saruji, akanijibu kwamba huyu si mgonjwa wa hospitali na kwamba tutamchosha bure, akawasha pikipiki yake akaondoka. Hakusema neno lolote kuhusu kumlaza kifudifudi, ilhali ng'ombe akilala ubavu gesi hukosa pa kutokea na tumbo hujaa. Hakusema chochote kuhusu matandiko, wala maji, wala kivuli. Maisha yangu yote ya kazi niligeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda vya kulalia, na mzito kuliko wote hakufika robo ya uzito wa ng'ombe yule, ambaye aliachwa kutwa nzima juu ya paja moja, kwenye sakafu ngumu, uzito wake mwenyewe ukiponda misuli na mishipa ya fahamu. Jioni vijana wa jirani waliponisaidia kumgeuza, kalsiamu ilikuwa imeshafanya kazi yake, masikio yamepata joto na anakula, lakini mguu uliokuwa chini haukukaza tena. Mchinjaji alimchukua kwa bei aliyoitaka yeye.

Jambo hili limefanyiwa utafiti, Ndugu Mhariri. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia ng'ombe wa maziwa walioanguka, wakakuta kwamba waliolazwa pahali laini na kuuguzwa vizuri waliinuka kwa wingi kuliko waliotupwa popote, na kwamba madhara yanayompata mnyama akiwa chini huweza kumzuia asiinuke kuliko hata ugonjwa uliomwangusha. Sasa huyo mwandishi aniambie ni nani hapa aliyeshiba.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme pia kuhusu mbuzi wanaofungwa miguu na kulazwa kwenye bodaboda kutoka Muheza hadi mjini, vichwa vikining'inia, na kuku wanaobebwa miguu juu kwenye usukani wa baiskeli. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inagusa usafirishaji. Kila siku wanapita mbele ya macho ya wenye mamlaka, na sijasikia hata mmoja aliyeulizwa.

Nirudi kwa ng'ombe wangu. Tunayo kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, pale Buhuri, na kituo cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, hapahapa Tanga. Vijana wanaosomea afya ya mifugo wapo, na ng'ombe wanaoanguka baada ya kuzaa wapo. Wapewe daftari moja la kuandika saa aliyoanguka, sakafu aliyolalia, nani alimgeuza na saa ngapi, maji aliyafikia au hakuyafikia, na mwisho aliinuka au alichinjwa. Mwandishi wenu naye aje zamu ya usiku atusaidie kumgeuza, aje na gunia la pumba za mpunga kwa matandiko, kwa kuwa mashuka yanamkera. Daftari nitalinunua mimi. Halizidi bei ya nakala chache za gazeti lako.

Muuguzi mstaafu na mfugaji,
Pongwe, Tanga