Kadi yangu ya benki anayo mkopeshaji, na mume wangu hajui

Shangazi, Assalaamu alaykum.

Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Chake, nina miaka 36 na watoto watatu. Mshahara baada ya makato unanifikia 420,000. Wa kutajirika si huo, lakini wa kufa njaa pia si huo, ndiyo maana naona haya kukuandikia.

Ramadhani iliyopita mama aliumwa, tukamvusha Unguja kwa matibabu. Mara Sikukuu hiyo, watoto hawana nguo. Nikachukua laki tatu kwa bwana mmoja anayekopesha watu wa maofisini. Sharti lake nirudishe 390,000 baada ya mwezi, na kadi yangu ya benki akae nayo yeye. Mwezi ulipotimia sikuwa nazo, nikampa 90,000 akanisogezea mbele. Ndivyo tunavyokwenda, mara nne sasa. Nimeshamlipa 360,000 na zile laki tatu ziko palepale. Siku ya mshahara tunaongozana mashineni kama mtu na mkewe: anatoa kadi mfukoni, mimi natia namba ya siri, anahesabu zake, kadi inarudi mfukoni mwake. Mara ya mwisho nyuma yetu alikuwepo mwalimu wa mwanangu. Nikajifanya namsaidia mzee wa watu kutoa pesa.

Deni jengine ni la dukani. Muuza duka wetu mpole, hadai kwa makelele. Juzi aligeuza tu daftari upande wangu nisome mwenyewe. Boflo mbili. Sukari nusu. Vocha. Boflo mbili. Biskuti. Biskuti. Jumla 185,000! Kumbe yule wangu wa darasa la tatu nikimtuma, na humtuma hata mara nne kwa siku, kila safari anaongeza lake. Lawama si zake. Mimi ndiye ninayesema "mwambie aandike".

Nikajipima wiki moja, kila ninachotoa nakiandika. Chai na vitafunio vya kazini pamoja na bando la simu, 17,000. Kwa mwezi inakaribia 70,000, na hapo sijatia sare. Mfunguo Mosi peke yake, mwezi ule baada ya Ramadhani, nilikuwa na harusi tatu, na wewe unajua, usipovaa sare utaulizwa una nini na bibi harusi. Sare nimeshasema mwaka huu basi, chai nabeba chupa kutoka nyumbani. Kwenye bando bado mkono unaniwasha, sisemi uongo.

Sasa njia ninazoziona. Niko kwenye mchezo wa watu kumi, 50,000 kila mwezi. Tumeshatoa wa sita, zamu yangu ni ya tisa. Nikibadilishana na wa saba napokea laki tano, nammaliza yule bwana na 110,000 inakwenda dukani. Tabu ni kwamba wa saba ni wifi yangu, na hatanipa zamu bila kuniuliza nina nini. Kaka yangu naye anasema tukodishe mikarafuu ya mama kule Mkoani sasa hivi, kabla ya mchumo. Mama hakukataa. Lakini anayekodi karafuu zikiwa bado mtini hutoa bei ya kumtazama mtu shida yake, na hizo ndizo dawa za mama za mwaka mzima.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, yuko dago, kambini kwa wavuvi. Ni mtu wa dini, riba hataki hata kuisikia. Dagaa ni wa usiku wa kiza, mbaamwezi ikishawaka atakuwa nyumbani, na safari hii kaniambia kwenye simu kwamba mnunuzi wake atamtilia pesa kwenye akaunti yangu, twende tukazitoe pamoja. Zimebaki siku kama tisa.

Nimwambie kabla hajafika, au nimalizane na wifi kwanza? Na kama ni wifi, nianze vipi maneno?

Mama wa watoto watatu,
Chake Chake, Pemba