Kwa Rukia, kabla hujafunga begi la Dubai

Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Viza ya siku 60 imetoka, alhamdulillahi. Sasa tuzungumze begi, maana Dubai mtu hulala ndani kwa kitu ambacho hapa kinauzwa mchana kweupe.

Anza na dawa zako za mgongo. Usitazame jina kubwa la pakiti, soma maandishi madogo chini yake. Ukiona tramadol, codeine, pregabalin au diazepam, hizo Imarati zinadhibitiwa. Yataka kibali, nacho huombwa mtandaoni kabla ya safari. Utaulizwa cheti cha daktari chenye mhuri, ripoti ya ugonjwa na nakala ya pasipoti. Mambo huharibika hapo kwenye cheti: zahanati zetu huandika "Mama Swaleh", na pasipoti yasema jina jingine kabisa. Rudi ukaandikiwe jina la pasipoti, jina la dawa yenyewe, na vidonge vingapi kwa siku. Beba za siku utakazokaa tu, ndani ya pakiti yake, pamoja na karatasi zake, kwenye mkoba wa mkononi. Usivimwage kwenye kijaluba. Kidonge kisicho na pakiti hakina jina, na forodha watakishuku. Dawa ya maji ya kikohozi isome vilevile, codeine hupenda kujificha humo.

Sanduku la shemeji unaloazima lipindue ulikung'ute, mpaka mifuko ya zipu. Miraa na muguka kwetu ni biashara halali. Kule ni dawa za kulevya. Bangi ndiyo usiseme: hata ile iliyobaki ndani ya damu huhesabiwa kuwa unayo. Mbegu za khaskhas za kupikia, zitokazo kwenye mmea wa afyuni, ziache jikoni. Na mzigo wa mtu ukatae, hata ukiambiwa ni mahamri ya mwanawe. Tagi ya begi ina jina lako, si lake.

Simu nayo ni begi. Tusi kwenye WhatsApp, hata la sauti, hata kwa dalali aliyekudhulumu kweli, ni kosa la jinai. Akilipeleka polisi, ushahidi umeshautuma mwenyewe. Usipige picha za watu bila ridhaa yao, wala ajali, wala majengo ya serikali na ya jeshi. Halafu michango, hapa ndipo sisi Wakenya hujisahau: kwa sheria yao ya mwaka 2021, wanaoruhusiwa kuchangisha ni mashirika yenye leseni peke yake. Kukitokea matanga, mtumie mfiwa chako kimyakimya. Usifungue grupu la harambee ukiwa kule.

Viza yahesabu siku, haihesabu miezi. Ukiingia tarehe 5 Julai, ukihesabu na siku yenyewe ya kuingia, siku ya 60 ni tarehe 2 Septemba. Ukifikiria "miezi miwili" utatoka tarehe 5, na kila siku iliyozidi ni dirham 50. Viza ya kutembea haikuruhusu kazi, hata ya siku mbili dukani kwa rafiki wa dada yako.

Faini ndogondogo: metroni usile, usinywe, usitafune hata ubani (dirham 100), na barabara vuka penye alama, la sivyo ni kuanzia 400. Pesa taslimu zikizidi dirham 60,000 ziseme forodhani, ingawa kwa safari hii sidhani kama hilo litakusumbua!

Ukishikwa, Mungu apishe mbali, usitie sahihi karatasi ya Kiarabu usiyoielewa. Omba mkalimani, na omba ubalozi mdogo wetu ulioko Dubai ujulishwe. Namba yao iandike kwenye karatasi, kwa kuwa simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Nipigie picha mgongo wa kila pakiti ya dawa unitumie leo usiku, nizisome kabla hujaenda kwa daktari kesho.

Wako,
Mwanaisha