Makluba isiyopinduliwa ni pilau

Mhariri,

Mwezi uliopita nilialikwa arusi hapa Lamu, tukaambiwa chakula cha usiku ni makluba, wali wa Kiarabu unaopikwa na nyama na mboga kisha ukapinduliwa juu ya sinia. Mimi nilifanya kazi za nyumbani Amman, Jordan, miaka sita, kwa familia ya Kipalestina, na kila Ijumaa sufuria ya makluba ilikuwa juu yangu. Basi nikakaa mkao wa kula, nikingoja sinia. Kilicholetwa ni wali wa manjano ndani ya vikopo vya plastiki, umevurugwa na mabiringani hata hujui biringani ni lipi na ngozi ya kuku ni ipi. Kitamu, sikatai. Nilimaliza changu na nusu ya cha mjukuu wangu. Lakini ile ni pilau ya mabiringani, na wenye arusi walitozwa bei ya jina la Kiarabu.

Jina lenyewe maana yake "iliyopinduliwa". Unakaanga mabiringani, viazi na koliflawa, kila kimoja peke yake, mpaka vipige wekundu. Nyama, ya kondoo au kuku, unaichemsha na mdalasini, hiliki na pilipili manga. Kisha unapanga: mboga na nyama chini, mchele ulioroweka juu yake, halafu supu unaimimina taratibu ukiikinga kwa kijiko, isije ikakufukulia ulichopanga. Kuanzia hapo mwiko uuweke mbali. Sisi tuliozoea kugeuza pilau, mkono unawasha kweli.

Ikiiva, epua uiache itulie robo saa. Wengi huharibu hapa kwa pupa. Funika sufuria kwa sinia, shika kwa vitambaa, pindua kwa mara moja, gonga kitako, ngoja kidogo, ndipo uinue polepole. Wali unasimama kama keki, mabiringani yako juu. Unaliwa kwa mtindi na kachumbari ya matango. Mara ya kwanza nilipoipindua kwetu Langoni, mavyaa wangu alimwita jirani dirishani: "Ndoo uone, wali umesimama!"

Wengine huichanganya na mandi. Mandi ni wali na nyama wa Hadhramaut, kule Yemen, walikotoka wazee wengi wa mji huu. Nyama yake huokwa ndani ya shimo lenye makaa, nayo haipangwi wala haipinduliwi.

Wapishi wa shughuli, kama sinia ni kazi kubwa kubeba vichochoroni, nawaelewa. Andikeni pilau ya mabiringani, nitainunua.

Na anayeogopa kupindua asiogope. Ijumaa iliyopita kipande kimoja cha biringani kiliganda kwenye sufuria yangu, juu ya wali pakabaki shimo. Nilikibandua kwa kisu nikakirudisha mahali pake kabla wageni hawajaingia.

Mama wa Langoni,
Lamu