Ndiyo, Ni Kopo

Auburn, Sydney

Kwako ndugu yangu Njoroge,

Salamu nyingi. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie Athumani anamsalimu, na ile chai ya maziwa aliyoniahidi sijaisahau. Sisi huku wazima. Baridi imekwisha, jua limeanza kuwaka, na nyasi nazo zimeamka kwa fujo.

Majibu yako ya ile picha ya mashine yangu ya kukata nyasi niliyokutumia yalinichekesha hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ati nimevuka bahari kuja kununua kopo lenye magurudumu! Kwanza sikuinunua. Pili, bwana wee, umesema kweli kuliko unavyodhani. Ukoo wa mashine hiyo ulianza na kopo hasa, kopo la mapichi. Ndiyo maana leo nakuandikia barua nzima badala ya kukujibu kwa simu.

Nianze na namna nilivyoipata. Nyuma ya nyumba yetu anakaa bibi mmoja mjane, umri wake umepita themanini. Siku moja aliniona nikisafisha kabureta ya gari uani, akaniita kwenye banda lake. Chini ya turubai kulikuwa na Victa ya miaka ya sitini, mashine ya kukata nyasi ya petroli, tuu-stroki, yaani injini ya mapigo mawili. Marehemu mumewe alikuwa akiisukuma kila Jumamosi. "Ikiwaka, ni yako," akasema. Petroli ndani ya kabureta ilikuwa imeganda kama ulimbo. Niliiloweka usiku kucha, nikazibua jeti kwa uzi mmoja wa waya, nikapiga msasa pointi za cheche, nikaweka plagi mpya. Kamba yake si ya kujirudisha yenyewe kama hizi za sasa. Unaizungusha kwa mkono kwenye puli, unavuta, ikichomoka unaizungusha tena. Mvuto wa tisa ikakohoa. Wa kumi na moja ikawaka, moshi wa buluu ukaruka ua hadi kwa bibi. Aliponyoosha shingo kule kwake nilidhani atalalamika. Kumbe analia.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu wa zamani, kwamba chuma kizuri ni chuma kizito. Nakukumbuka karakana ya chuoni, unapima spana kwa kiganja, ukiona nyepesi unaitupa bila hata kuiangalia mdomo. Waliotangulia kuunda mashine za nyasi nao walikuwa wa dini yako. Ya kwanza kabisa ilitoka Uingereza mwaka 1830, kazi ya fundi mmoja wa Stroud aitwaye Edwin Budding. Wazo alilichukua kwenye mashine ya kiwanda cha nguo iliyokuwa ikinyoa manyoya juu ya kitambaa: visu vimezungushwa kwenye silinda, vinapita juu ya ubao wa chuma, mkato ni wa mkasi. Safi sana, lakini ni mzigo. Zile kubwa zilikokotwa na farasi, na farasi mwenyewe akavishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe bustani ya bwana. Mwaka 1893 wakaleta ya mvuke, nzito mno. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikauza ya petroli, nayo unaikalia kama trekta. Hata mashine ya Atco ya mwaka 1921, iliyoanza kuingia kwenye nyumba za watu wa kawaida kidogo, ilikuwa bado na silinda, minyororo na rola la chuma. Mambo ya kupendeza kwako, najua.

Huku Australia baada ya vita watu walijenga nyumba zenye uwanja mbele na uwanja nyuma, na kila mwenye nyumba akawa mfyekaji. Na hapa ndipo unapoingia wewe. Unajua nyasi gani zimetanda mji huu? Kikuyu! Ndilo jina lake rasmi, si utani. Nyasi hizo hizo zinazotambaa hapo kwenu Limuru, anazokula ng'ombe wako, zililetwa huku karibu na mwaka 1920 kwa ajili ya malisho, zikaona nchi ni yao. Wenyeji wanazitamka "kaikuyu". Nilipomwambia yule bibi kuwa hilo ni jina la watu, na kwamba rafiki yangu wa kufa na kuzikana ni mmoja wao, akaniangalia kama ninayemtania. Kisha akasema mumewe alikesha miaka arobaini akipigana na nyasi hizo, kwa hiyo nikufikishie malalamiko.

Unazijua zinavyokuwa ukiziachia wiki tatu. Zinajisokota kama mkeka. Mashine ya silinda ikikutana nazo inakabwa koo, visu vinasimama.

Ilitakiwa mashine ya kufyeka, si ya mkasi. Mwaka 1948 mtu mmoja wa hapa Sydney, Lawrence Hall, aliunda moja yenye kisu cha kuzunguka bapa kama pangaboi. Ilikata, ila ilikuwa nzito hadi ikahitaji watu wawili, mmoja asukume na mwingine avute kwa kamba. Mervyn Victor Richardson aliiona. Huyu alikuwa tayari amemuundia mwanawe Garry mashine za silinda, kijana akikata nyasi za watu likizo za chuo apate senti. Mwaka 1952, umri wake ukikaribia sitini, Richardson alijifungia katika gereji yake mtaa wa Concord, si mbali na hapa nilipo. Alichukua injini ndogo ya Villiers ya tuu-stroki akailaza ubavu, shafti ikaangalia chini, akafunga kisu papo hapo kwenye shafti. Hakuna mnyororo, hakuna gia, hakuna rola. Fremu ni vyuma chakavu, magurudumu ni ya kigari cha watoto, na tangi la petroli ni kopo la mapichi.

Njoroge, hilo la kuilaza injini ndilo lililoninyima usingizi. Tuu-stroki haina oili chini ya injini, oili yake inachanganywa na petroli (yangu natia mililita 40 kwa lita), kwa hiyo ukiilaza haijali. Ila kabureta haikubali kulala, lazima ibaki wima, la sivyo floti, kile kiboya kinachopima petroli, inakwama. Kwa mtu anayetazama ni takataka za gereji. Kwa fundi, kila kilichotolewa kilikuwa uzito. Mtu mmoja akaweza kuisukuma peke yake, mwanamke au kijana wa shule.

Aliuza chache, zikaisha, akaacha kazi mwaka 1953 akafungua kampuni, akaipa jina Victa, kutokana na lile lake la katikati, Victor. Kufikia 1958 kiwanda chake cha Milperra kilikuwa na wafanyakazi 3,000, kinatoa mashine 143,000 kwa mwaka na kupeleka nchi 28. Marekani nako, mwaka huo huo wa 1953, kampuni ya Briggs & Stratton walitoa injini ya aluminiamu, mashine za huko zikapungua uzito vilevile. Lakini kopo ni la Concord. Wenyeji wanalionea fahari kiasi kwamba Olimpiki ya mwaka 2000 hapa Sydney mashine hizi zilipita uwanjani usiku wa ufunguzi.

Nikupe na kitu kimoja utakachokikubali hata wewe. Visu vyake havijakazwa kama panga. Kuna sahani, na pembeni mwa sahani visu vidogo vimeningʼinizwa kwa bolti, vinanyooka kwa kasi ya mzunguko tu. Jumapili iliyopita niligonga jiwe lililojificha kwenye nyasi za wajomba zako. Nilifumba macho nikingoja shafti ipinde. Kisu kilirudi nyuma, jiwe likapita, kisu kikajinyoosha, kazi ikaendelea. Kingekuwa chuma kizito kilichokazwa, leo ningekuwa natafuta shafti ya mashine ya miaka sitini.

Siku zake zinahesabika, nakubali. Ule moshi wa buluu haupendwi tena, sheria za hewa zimezibana tuu-stroki, majirani wengi wana za betri, nyepesi zaidi na kimya. Mwaka 2023 hata Honda waliacha kuunda za petroli katika kiwanda chao cha Marekani. Mimi ninaiwasha mara moja kwa wiki, na yule bibi huleta kiti chake karibu na ua asikilize.

Kilichonifanya nikuandikie hasa ni ile injini ya pikipiki, tuu-stroki, uliyoniambia iko chini ya meza yako ya kazi. Una ng'ombe, una kikuyu, na mgongo wako si wa kushika slasha asubuhi hadi jioni. Usiifungue. Nipigie picha upande wa shafti na upande wa kabureta, unipimie na unene wa shafti kwa kaliper, si kwa macho. Na ukianza kuunda, anza na ngao ya kuziba kisu kabla ya kisu chenyewe, maana watoto wa dada yako hawatulii.

Tangi nitakutafutia mimi. Hapa dukani mapichi yako kwa wingi.

Wako,
Athumani